Mbuzi kwa Jaketi Kuukuu

Fabiani alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu, mgongo ukutani, kiganja cha kulia kimezungushiwa kitambaa chenye madoa ya damu kavu. Inspekta Grasiana alisimama nje ya nondo akamtazama kwa kitambo. Katika kazi yake alikuwa amezoea kuwapa watu nafasi ya kuanza kuongea wenyewe, maana mwenye jambo la kuficha huwa hapendi ukimya. Fabiani aliupenda tu. Alipiga miayo.

"Hicho kiganja kimefanya nini?"

"Kamba ya tanga, afande. Upepo ulivuta ghafla nami nimeshika vibaya."

"Mkuu wangu anasema hiyo ni alama ya kupigana."

"Mkuu wako aje ashike kamba ya tanga kiangazi hiki, halafu tulinganishe viganja."

"Usinichekeshe, Fabiani. Kesho unapelekwa mahakamani kusomewa shitaka la mauaji. Unajua hilo halina dhamana?"

"Najua." Sasa alikaa vizuri. "Sikumuua Mzee Ukasha."

Mzee Ukasha Mdoe ndiye aliyekuwa nahodha wa mashua ya tanga iliyotembeza wageni kwenye Ziwa Kwemhosi, lile bwawa kubwa lililozuia maji ya mto mpakani mwa Handeni na Korogwe. Watu walitoka mbali kuja kupumzika pale. Mashua ilikwenda polepole, mzee akiwaonyesha palipokuwa na kambi ya katani kabla haijafunikwa na maji, na njia waliyopita wapagazi wa zamani wakielekea pwani. Fabiani alikuwa msaidizi wake. Mzee alikutwa amekufa maji kwenye matete ya rasi, upande wa Handeni, na Fabiani akakamatwa kabla hata maiti haijaoshwa. Sababu ilikuwa moja: wageni wawili kutoka Nairobi waliandikisha maelezo kwamba walimsikia akimtishia mzee kumuua.

"Ulisema maneno gani mbele ya wale wageni?"

"Nilisema, leo nakuzika humu humu ziwani, halafu nakwenda kula ng'ombe wako."

"Kwa hiyo ulisema."

"Nilisema siku ile, nilisema na mwaka jana, na miaka yote niliyofanya naye kazi. Yeye Mzigua, mimi babu yangu Mnyamwezi aliyeletwa na katani. Ulitaka nimwambie nini mtani wangu? Nimwombee maisha marefu?"

"Yeye alijibu nini?"

"Alisema sisi tumezoea kubeba mizigo ya watu, kwa hiyo siku nikifa maiti yangu ijibebe yenyewe." Alitabasamu, kisha lile tabasamu likamponyoka na akainamisha kichwa. "Wageni wakacheka. Nilidhani wameelewa."

Grasiana alikuwa ameelewa tangu aliposoma maelezo. Babu yake mwenyewe alitoka Tabora na kufia kwenye kambi ya katani Korogwe, na utotoni aliwaona Wazigua na watu wa kambi wakitukanana msibani hadi waliofiwa wakasahau kulia. Lakini kuelewa hakukumfanya amwamini Fabiani moja kwa moja. Mtani naye anaweza kuua. Tena angekuwa na maficho mazuri kuliko mtu yeyote.

"Mliachana wapi?"

"Tuliwashusha wageni upande huu wa Korogwe. Mimi nikabaki kubeba mabegi yao hadi kambi ya watalii. Yeye akavuka peke yake kurudi kwake."

"Nani alikuona kambini?"

"Wageni wenyewe. Baada ya hapo nililala chumbani kwangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Ningejua ningeoa."

"Nani alikuwa na ugomvi na mzee?"

Fabiani akasita, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusita tangu mazungumzo yaanze. "Jabiri. Mpwa wake. Kuna mtu wa mjini anaitaka ile rasi ajenge hoteli. Mzee kila safari anawaonyesha wageni makaburi ya wazee wa ukoo wake pale, anasema hapa hapauzwi. Jabiri alimkataza asiwe anasimulia habari ya makaburi. Mzee akaanza kuisimulia mara mbili."

* * *

Afande Jacob, mkuu wa upelelezi, alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Grasiana, utani una mipaka. Mtu katamka, mtu kafa, na huyo huyo ndiye wa mwisho kuwa naye. Unataka nini zaidi?"

"Mashua ilikutwa imefungwa kwenye matete, afande. Tanga limeshushwa na kukunjwa. Mtu anayeanguka majini hakunji tanga kwanza."

"Ndiyo. Aliyemuua alilikunja. Fabiani ni fundi wa matanga."

"Na Jabiri kakulia kwenye mashua hiyo hiyo."

"Jabiri alikuwa nyumbani. Ameandikisha. Kasema mjomba wake aliacha jaketi la kuokolea maisha msumarini siku ile kwa sababu ya joto, ndiyo maana akazama. Mtoto wa watu amelia hapa mpaka nikampa maji." Akaweka kijiti mezani. "Nikuulize. Huyu Fabiani ni mtu wenu wa kambini, sivyo?"

"Ni mtu wa kambini. Simjui."

"Basi watu watasema unamjua. Hati ya kupekua nyumba yenye msiba sikupi. Kesho anakwenda mahakamani."

Grasiana alitoka akiwa amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba katika nafasi ya Jacob hata yeye angemshuku.

* * *

Aliikagua mashua upya, peke yake, ikiwa imevutwa nchi kavu nyuma ya kambi ya watalii. Majaketi ya wageni yalikuwa yamepangwa chini ya ubao, yote safi, mikanda mizima. La nahodha halikuwemo. Jacob aliliandika hilo kama uthibitisho wa maneno ya Jabiri. Grasiana akachukua simu na kumpigia mmoja wa wale wageni, mama aliyeitwa Salome, ambaye alikuwa amesharudi Nairobi.

"Yule nahodha alikuwa amevaa nini?"

"Kofia ya kufuma, na lile jaketi la rangi ya chungwa. La zamani, limepauka."

"Una hakika alilivaa yeye?"

"Kabisa. Lilikuwa na filimbi. Kila akimaliza hadithi anaipuliza, ndiyo tujue sasa tunaruhusiwa kupiga picha. Mume wangu alikataa kufunga mikanda ya lake, mzee akaipuliza karibu na sikio lake hadi akafunga."

"Alipowashusha alikuwa nalo bado?"

"Alikuwa nalo. Tulibaki ufukweni kumwangalia akiondoka. Palipendeza sana, maji yametulia. Kisha mtu akasimama kule kwenye rasi akawa anampungia kitambaa, na mashua ikageuka kumfuata."

Grasiana akabadilisha simu sikio. "Mtu gani?"

"Mbali sana, siwezi kusema. Mwanamume."

"Na wakati huo Fabiani alikuwa wapi?"

"Alikuwa mbele yetu, amebeba begi langu kichwani."

"Mama, kwa nini haya hayamo kwenye maelezo yako?"

"Hakuna aliyeniuliza. Waliniuliza nani alimtishia."

Hapo Grasiana alimwondoa Fabiani kwenye washukiwa wake, ila Jacob asingemwondoa kwa simu ya mtu aliyeona kitambaa kwa mbali. Fabiani alikuwa na usiku mzima wa kuvuka ziwa, hivyo ndivyo Jacob angesema. Swali lililobaki lilikuwa jaketi. Mwenye jaketi hazami. Mtu alimvua. Na jaketi likitupwa ziwani linaelea, kila mvuvi angeliona. Kulichoma ndani ya msiba uliojaa watu ni kuwaita waje wanuse moshi. Mtu aliyeandikisha kwamba liliachwa msumarini angelifanyia nini, kama si kulirudisha msumarini?

Lakini nyumba ile hakuwa na ruhusa ya kuipekua, na msiba ungemfungia mlango inspekta yeyote. Ila kulikuwa na mtu mmoja asiyefungiwa mlango wa msiba wa Kizigua.

* * *

Alasiri hiyo hiyo, siku ya hitima, alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya marehemu. Alikuwa amevaa kanga mbili na ndala, nywele kazifunga. Watu walikuwa wengi. Wengine walitoka Sindeni na magunia ya mahindi, wengine walikuja kwa baiskeli kutoka mashambani. Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanawake ndani na jikoni. Kisomo kilikuwa kimekwisha na chai inapita.

"Mmemmaliza peke yenu!" Grasiana alipiga kelele tangu barabarani. "Mzigua mmoja mzima mmemzika kimya kimya bila kuita watani! Mliogopa tutamuuliza uchawi wake kamwachia nani?"

Vichwa vikageuka. Mzee Abdi, mkubwa wa ukoo, alinyanyua uso polepole kutoka kwenye kikombe.

"Nani huyo?"

"Mjukuu wa Mnyamwezi wa kambini."

"Yule polisi?"

"Polisi ni kazini. Hapa nimekuja kuona kama kweli amekufa, maana nyie mnajua kudanganya."

Mwanamke mmoja jikoni akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, na wengine wakamfuata. Mtani amefika. Grasiana akaingia kazini, maana mtani msibani hunyakua vitu hadi vikombolewe. Alinyakua birika la chai mkononi mwa mgawaji akalikalia. Mpishi akalikomboa kwa sahani ya maandazi. Alibeba mchi wa kutwangia, akapewa muwa. Alichukua viatu vya Mzee Abdi mwenyewe, na mzee akalazimika kuinuka kwenye mkeka na kucheza ngoma kidogo mbele ya watu ili arudishiwe, kiuno kikimgomea, watu wakishangilia. Katikati ya msiba nyumba ikawa imechangamka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ni Jabiri peke yake aliyekuwa hacheki. Kijana wa miaka thelathini hivi, kanzu nyeupe, alisimama penye kona ya nyumba akimfuata kwa macho kila alipokwenda. Grasiana alipoelekea uani, naye akaelekea uani.

Kwenye ukuta wa baraza la nyuma vilitundikwa vyombo vya ziwani: kasia, kamba, ndoo ya kukombea maji. Na msumarini, jaketi la rangi ya chungwa lililopauka, filimbi ikining'inia. Upande wake wa mbele ulitazama ukutani.

Grasiana alilinyakua akakimbia nalo uwanjani kama alivyokimbia na mchi.

"Hilo weka!"

Jabiri alimfikia katikati ya mikeka akashika jaketi na kulivuta kwa nguvu. Grasiana hakuachia. Kicheko kilianza, watu wakidhani Jabiri naye anatania, kisha wakauona uso wake.

"Jabiri!" Mzee Abdi aliita. "Unamkasirikia mtani? Kwenye msiba wa mjomba wako?"

"Babu, hili ni la marehemu."

"Hata kingekuwa kitanda chake. Achia. Unataka kitu, komboa kama wenzako."

Mikono ya Jabiri ikalegea. Grasiana akalitandika jaketi chini akalikalia.

"Nakomboa," Jabiri alisema. "Jogoo."

Watu wakaguna. Birika lilikwenda kwa maandazi. Grasiana akakuna goti.

"Mbuzi basi. Chukua beberu wangu pale, nenda naye sasa hivi."

Sasa hata jikoni vijiko vilitulia.

"Mbuzi kwa jaketi kuukuu," Grasiana alisema. "Mbona unanipa sana, mtani? Mwaka huu mahindi yamekubali?"

"Ni kumbukumbu ya mjomba."

"Kumbukumbu ya siku aliyoliacha nyumbani?"

"Ndiyo. Lilikuwa pale pale msumarini. Hakulivaa. Nimeandikisha polisi."

"Wageni walimwona nalo mwilini mpaka alipowaacha ufukweni. Alipuliza hata filimbi." Aliinuka, akaligeuza jaketi, akainyoosha mikanda ya mbele ili kila aliyekaa karibu aone. Yote miwili ilikuwa imekatwa karibu na vifungo, mkato ulionyooka wa kisu. "Na hii? Panya?"

Jabiri ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Mnamwona? Huyu ni polisi! Ameingia kwa ujanja, hana hati, anapekua nyumba ya watu msibani!"

Manung'uniko yakapita mikekani, na hayakuwa yote dhidi ya Jabiri. Mzee Abdi alisimama tena, safari hii bila ngoma.

"Binti, nikuulize mbele ya watu. Umekuja kwetu kama mtani au kama polisi?"

"Nimekuja kama mtani, babu. Kazi yangu mliijua tangu naingia, sikuificha."

"Basi ufuate sheria ya utani. Kitu kikikombolewa kinarudi. Ukiondoka na hilo jaketi kwa nguvu, usikanyage tena hapa, wewe wala mtu wa kambi yenu. Sisi tunazikana tangu babu zetu."

Grasiana aliijua sheria hiyo kuliko sheria nyingine zote alizosomea. Jaketi likirudi, jua halitazama kabla jaketi halijawa majivu. Akiondoka nalo kwa nguvu, atakuwa na kitambaa kilichonyakuliwa, bila kinywa kimoja cha nyumba hii kusema kilikutwa wapi wala ni cha nani, na Afande Jacob atamcheka. Kesho Fabiani atapanda kizimbani. Aliogopa.

"Nafuata," alisema.

"Basi nipe," Jabiri akanyoosha mkono. "Mbuzi ni wako."

"Ngoja," Mzee Abdi akamzuia. "Wewe nani kakupa haki hiyo? Kitu cha marehemu kwetu hukombolewa na dada yake wa tumbo moja. Mwiteni Shamsia."

Bibi Shamsia alikuwa hapo hapo, kizingitini, miguu kainyoosha kwenye mkeka, kanga nyeusi mabegani. Tangu Grasiana afike hakuwa amecheka wala kusema neno. Alikuwa dada pekee wa marehemu. Na Jabiri alikuwa mwanawe wa pekee, mrithi wa mjomba wake kwa desturi ya ukoo wao, pamoja na ile rasi.

"Shikamoo, bibi," Grasiana alisema.

"Marahaba."

Jabiri alikwenda mbio nyuma ya nyumba, akarudi akimburuta beberu, akamwekea mama yake kamba mkononi. "Mama, mpe. Mpe aondoke."

Bibi Shamsia aliishika kamba. Beberu akanusa kanga yake.

"Yule Fabiani," alimuuliza Grasiana, "huko ndani anakula?"

"Kidogo, bibi."

"Alikuwa anakula sana hapa. Ukasha alikuwa anamwambia Mnyamwezi hashibi." Akaizungusha kamba kiganjani. "Ukasha vidole vyake vilikuwa vimekauka. Vifungo vile alikuwa hawezi kufunga wala kufungua. Kila asubuhi ya safari nilimfunga mimi."

"Mama."

"Asubuhi ile nilimfunga mikanda yote miwili, nikamwambia umenenepa. Akatoka nalo hilo hilo. Wanaume walipokwenda kuzika nikazunguka nyuma kuchota maji, nikalikuta msumarini, limegeuzwa. Nililigeuza nikaona. Nikaligeuza tena lilivyokuwa."

"Mama, nyamaza!"

"Nimenyamaza tangu tulipozika. Usiku nikilala namwona ananiuliza, dada, vifungo vyangu uliviangalia vizuri?" Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kijana aliyesimama amevaa kanzu aliyompigia pasi yeye mwenyewe asubuhi ile. Kisha akaiachia kamba. Beberu akarudi nyuma hatua chache, akaanza kula majani ya mgomba yaliyofunikia sufuria.

"Hili silikomboi," Bibi Shamsia alisema. "Nenda nalo, mtani. Na huko waniite nikaseme."

Akajifunika kanga usoni, na wanawake waliokuwa jikoni wakatoka mmoja mmoja wakaja kukaa karibu naye.